Tarehe zisizo za kawaida kwenye hifadhidata: mwongozo kwa mifumo ya mialo ya Ziwa Victoria

Safu ya tarehe huonekana kama kitu chepesi kuliko vyote kwenye jedwali. Mwaka, mwezi, siku, basi. Lakini ukianza kuhamisha daftari la mwalo, yaani mahali mitumbwi inapofikia na kushusha samaki, kwenda kwenye kompyuta, iwe Igombe, Kayenze au Kirumba, utaona kwamba kazi kubwa haiko kwenye tarehe zinazojulikana. Iko pale karani alipoacha wazi, alipochora kistari, au alipoandika "bado". Mwenye haraka hujaza 1900-01-01 au 9999-12-31, mfumo unakubali, na kuanzia hapo hakuna anayejua tena kipi kiliandikwa kwa kujua na kipi kilijazwa tu.

Mifano mingi hapa ni ya mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL, kwa sababu kwa kazi hii ndiyo yenye zana nzuri zaidi. Panapotofautiana na MySQL au SQL Server nitasema. Chukulia mfumo mdogo wenye majedwali manne: wavuvi, vyombo, safari za ziwani, na usajili unaoonyesha chombo kipo mwalo gani kuanzia lini hadi lini.

Hatua ya 1: Tafuta marundo

Usibadilishe chochote kabla ya kujua data yako imebeba nini. Anza na swali hili, ulirudie kwa kila safu ya tarehe uliyonayo:

```sql
SELECT kuzaliwa, count(*) AS idadi
FROM wavuvi
GROUP BY kuzaliwa
ORDER BY idadi DESC
LIMIT 10;
```

Tarehe za kweli hutawanyika. Siku moja ikibeba watu wengi kupita kiasi, hiyo ni tarehe bandia, na mara nyingi yenyewe inakuambia ilikotoka. 1900-01-01 hutoka SQL Server, ambayo ikipewa maandishi matupu kwenye safu ya tarehe huyageuza kuwa siku hiyo bila kulalamika. 1753-01-01 ni mwanzo wa aina ya `datetime` ya SQL Server hiyohiyo. 1899-12-30 ni sifuri ya LibreOffice Calc, kwa hiyo tafuta faili la lahajedwali lililopakiwa. 0001-01-01 ni tarehe ya .NET (jukwaa la kuandikia programu la Microsoft) ambayo mwandishi wa programu hakuiwekea kitu. 0000-00-00 ni ya MySQL, na hiyo nitairudia mwishoni.

1970-01-01 ina alama yake ya pekee huku kwetu. Mifumo mingi huhesabu sekunde kuanzia usiku wa manane wa siku hiyo kwa UTC (saa za kimataifa), na sisi tuko mbele kwa saa 3. Ndiyo maana kwenye skrini ya Mwanza itaonekana kama 1 Januari 1970, 03:00, yaani saa 9 usiku. Ukiona saa hiyo na tarehe hiyo pamoja, ni namba 0 iliyosomwa kama tarehe.

Rundo la tarehe 1 Januari kwenye safu ya kuzaliwa lishughulikie kwa adabu. Ndani yake wamo waliozaliwa siku hiyo kweli, na wamo waliojua mwaka tu na karani akawasaidia kwa kuandika 1 Januari. Usilifute. Litapata nafasi yake kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 2: Uliza kila nafasi iliyo wazi ina maana gani

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote, na haifanyiki kwenye kibodi. Nafasi iliyoachwa wazi kwenye daftari inaweza kuwa na maana nne: tarehe haijulikani, jambo bado halijatokea, jambo halina mwisho uliopangwa, au tarehe haihusiki kabisa na mstari huo. Mtu aliyeandika daftari anajua ni ipi. Kaa naye, fungua ukurasa, muulize kwa lugha ya kazi yake: "Kaka, hapa ulipoacha wazi, mtumbwi ulikuwa bado haujarudi, au ulirudi ila hukuandika?"

Swali hilo lina uzito ziwani. Mtumbwi wa dagaa unaondoka jioni na kutegemewa asubuhi. Ikiwa safu ya `kurudi` iko tupu, mfumo unatakiwa useme kama watu bado wako majini au kama karani alizidiwa na foleni ya wachuuzi. Ukiweka maana hizo mbili kwenye utupu mmoja, orodha ya "walio ziwani" itajaa mitumbwi iliyokwisha kufunga kamba tangu juzi, na watu wataacha kuitazama. Siku upepo utakapokuja, jina la mtumbwi uliokwama litakuwa katikati ya orodha ambayo hakuna anayeiamini. Mfumo wa mwalo usioweza kujibu nani hajarudi, kwangu mimi, bado haujafika kazini.

Kwa hiyo tarehe ikae kwenye safu yake, na sababu ya utupu ikae kwenye safu nyingine:

```sql
CREATE TABLE safari (
  id        bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  chombo_id bigint NOT NULL REFERENCES vyombo(id),
  kuondoka  timestamptz NOT NULL,
  kurudi    timestamptz,
  hali      text NOT NULL DEFAULT 'ziwani',
  CHECK (hali IN ('ziwani', 'kimerudi', 'muda haujulikani')),
  CHECK ((hali = 'kimerudi') = (kurudi IS NOT NULL)),
  CHECK (kurudi > kuondoka)
);
```

Sharti la pili ndilo la muhimu: chombo kikisemwa kimerudi lazima kiwe na muda wa kurudi, na kisiposemwa hivyo kisiwe nao. Sharti la tatu litapita lenyewe pale `kurudi` inapokuwa NULL, yaani nafasi isiyo na thamani yoyote, kwa sababu kulinganisha kitu na NULL hakuleti kweli wala uongo, na `CHECK` hukataa uongo tu.

Sasa swali la usalama linakuwa fupi:

```sql
SELECT v.jina, s.kuondoka
FROM safari s JOIN vyombo v ON v.id = s.chombo_id
WHERE s.hali = 'ziwani'
  AND s.kuondoka < now() - INTERVAL '16 hours'
ORDER BY s.kuondoka;
```

Saa 16 ni mfano unaofaa dagaa. Wanaotafuta sangara huweza kukaa visiwani siku kadhaa, kwa hiyo kipimo hicho kiweke kwenye jedwali kwa kila aina ya uvuvi, na kipangwe na watu wa mwalo wenyewe.

Tabia mbili za NULL zikumbuke muda wote. Ya kwanza, `WHERE kurudi <> '2025-03-10'` inaiacha nje mistari yenye NULL. Ukitaka iingie, andika `IS DISTINCT FROM` badala ya `<>`. Ya pili ni mpangilio: ukipanga kuanzia ndogo kwenda kubwa, PostgreSQL huweka NULL mwisho, lakini MySQL, SQL Server na SQLite huziweka mwanzo. Ripoti ikihamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, mistari tupu huruka kutoka chini kwenda juu. PostgreSQL ina `NULLS LAST` na `NULLS FIRST`. Kwenye MySQL tumia `ORDER BY kurudi IS NULL, kurudi`.

Hatua ya 3: Kisicho na mwisho kiandike hivyo

Mitumbwi huhama. Leo iko Kayenze, samaki wakipungua inakwenda Ukerewe au Kome. Usajili wa sasa una mwanzo, ila mwisho wake hakuna aliyeupanga. Hapa mwisho unajulikana vizuri: haupo. Hiyo ndiyo kazi ya `infinity`, thamani ambayo PostgreSQL huikubali kwenye `date` na kwenye `timestamp`, na ambayo ni kubwa kuliko tarehe nyingine yoyote. Mwenzake `-infinity` ni mdogo kuliko zote.

```sql
CREATE EXTENSION IF NOT EXISTS btree_gist;

CREATE TABLE usajili (
  chombo_id bigint NOT NULL REFERENCES vyombo(id),
  mwalo     text NOT NULL,
  kuanzia   date NOT NULL CHECK (isfinite(kuanzia)),
  hadi      date NOT NULL DEFAULT 'infinity',
  CHECK (hadi > kuanzia),
  EXCLUDE USING gist (
    chombo_id WITH =,
    daterange(kuanzia, hadi, '[)') WITH &&
  )
);
```

Sharti la `EXCLUDE` linazuia chombo kimoja kusajiliwa mialo miwili kwa wakati mmoja. Alama `[)` ina maana siku ya `kuanzia` imo na siku ya `hadi` haimo, kwa hiyo mtumbwi unaohama tarehe 10 unafungwa kule kwa tarehe 10 na kufunguliwa huku kwa tarehe 10 bila kugongana. Na swali la "siku ile ulikuwa wapi" halihitaji `OR hadi IS NULL`, kipande ambacho kila mtu hukisahau siku moja:

```sql
SELECT mwalo FROM usajili
WHERE chombo_id = 14
  AND kuanzia <= '2025-03-10' AND hadi > '2025-03-10';
```

Hesabu ndizo zinazohitaji uangalifu. Ukitoa tarehe kutoka kwenye `infinity` PostgreSQL inakataa kwa kosa, na ni haki yake. Kutafuta chombo kimekaa mwaloni siku ngapi mpaka leo, andika `LEAST(hadi, CURRENT_DATE) - kuanzia`. Kutafuta tarehe ya mwisho kabisa ya kuhama, `max(hadi)` itakurudishia `infinity` tu. Andika `max(hadi) FILTER (WHERE isfinite(hadi))`. Tena, `upper_inf`, inayouliza kama kipindi hakina mpaka wa mwisho, hujibu uongo kwa kipindi kinachoishia `infinity`, kwa sababu PostgreSQL hutofautisha kipindi kisicho na mpaka na kipindi chenye mpaka unaoitwa `infinity`. Chagua mtindo mmoja na usiuchanganye na mwingine kwenye jedwali moja.

MySQL na SQL Server hazina thamani hiyo. Huko 9999-12-31 inakubalika, lakini kwa masharti: iwe ndiyo hiyo moja kwenye mfumo mzima, iandikwe kwenye maelezo ya jedwali, na iwe aina ya `DATE` bila saa. Ukiiweka kama 9999-12-31 23:59:59 kwa UTC kisha programu ya Python ikajaribu kuionyesha kwa saa zetu, kuongeza saa 3 kunaisukuma kwenye mwaka 10000, ambao Python haina, na ukurasa unaanguka. Aina ya `TIMESTAMP` ya MySQL haiifikii kabisa: inaishia 19 Januari 2038 saa 03:14:07 UTC, huku kwetu ikiwa saa 12 na dakika 14 asubuhi.

Hatua ya 4: Tarehe nusu

Mzee wa Ukerewe akikuambia alizaliwa mwaka ziwa lilipopanda baada ya uhuru, amekupa taarifa nzuri. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Kuiandika taarifa hiyo kama 1962-01-01 ni kuongeza usichoambiwa. Kuiacha NULL ni kutupa ulichoambiwa. Weka mipaka miwili na maneno yake mwenyewe:

```sql
ALTER TABLE wavuvi
  ADD COLUMN kuzaliwa_mapema  date,
  ADD COLUMN kuzaliwa_mwisho  date,
  ADD COLUMN kuzaliwa_maelezo text,
  ADD CHECK (kuzaliwa_mapema <= kuzaliwa_mwisho);
```

Mzee huyu atapata 1961-12-09 na 1964-12-31. Anayejua mwaka tu, kwa mfano 1978, atapata 1978-01-01 na 1978-12-31. Mwenye cheti cha kuzaliwa atapata tarehe ileile kwenye safu zote mbili. Faida yake inaonekana unapohitaji wenye miaka 60 na kuendelea:

```sql
-- hakika wametimiza
WHERE kuzaliwa_mwisho <= CURRENT_DATE - INTERVAL '60 years'
-- huenda wametimiza, waulizwe
WHERE kuzaliwa_mapema <= CURRENT_DATE - INTERVAL '60 years'
  AND kuzaliwa_mwisho >  CURRENT_DATE - INTERVAL '60 years'
```

Wa kundi la pili wapewe nafasi ya kueleza. Mfumo usimnyime mtu mzima haki yake kwa sababu ya tarehe iliyobuniwa na karani.

Tarehe za kuzaliwa ziwe aina ya `date`, kamwe zisiwe `timestamptz`, aina inayobeba saa na kufuata ukanda wa saa. Siku ya kuzaliwa haibadiliki kwa kubadilisha ukanda wa saa.

Hatua ya 5: Hakikisha "leo" ni leo ya Mwanza

PostgreSQL inayaelewa maneno `'now'`, `'today'`, `'tomorrow'` na `'yesterday'` kama tarehe. Ni mazuri ukiwa unauliza kwa mkono. Usiyaweke kwenye `DEFAULT`: `DEFAULT 'today'` husomwa mara moja tu, siku jedwali lilipotengenezwa, na kila mstari baada ya hapo utapewa siku hiyo. Tumia `CURRENT_DATE` na `now()`.

Hata `CURRENT_DATE` hufuata ukanda wa saa wa kikao, yaani muunganisho mmoja wa programu na hifadhidata. Seva nyingi za kukodi zimewekwa UTC. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 9 usiku hapa Mwanza, seva hiyo bado inahesabu jana. Dagaa walioshushwa saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 13 wataandikwa tarehe 12, na hesabu za siku mbili zitakataa kulingana na daftari. Dawa yake ni mstari mmoja, unaoanza kufanya kazi kwenye vikao vipya:

```sql
ALTER DATABASE mialo SET timezone TO 'Africa/Dar_es_Salaam';
```

Kwenye MySQL andika `SET time_zone = '+03:00'`. Tanzania haisogezi saa mbele na nyuma kwa majira, kwa hiyo namba hiyo inatosha mwaka mzima.

Sasa fomu. Karani anafikiri kwa saa za Kiswahili, na ana haki. Ukimpa kisanduku cha namba tupu, atakapoandika 8:00 hutajua kama ni saa 8 usiku au saa 8 mchana, wala kama amejaribu kuigeuza mwenyewe. Mpe achague kipindi (alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku) kisha saa, na programu igeuze: saa 1 asubuhi ni 07:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 12 jioni ni 18:00, saa 8 usiku ni 02:00, saa 11 alfajiri ni 05:00. Saa 6 usiku ni 00:00, na hapo tarehe imeshabadilika kwenye kompyuta ingawa kwa karani bado ni usiku uleule. Fomu imuulize "usiku wa kuamkia tarehe ngapi?", halafu imwonyeshe jibu kwa maneno kabla ya kuhifadhi: "Usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 13, saa 8." Akikubali, hifadhi.

Hatua ya 6: Pima programu iliyo juu ya hifadhidata

`infinity` ikitoka PostgreSQL hukutana na lugha zisizoijua. Maktaba ya psycopg2, inayounganisha Python na PostgreSQL, huigeuza kuwa tarehe ya mwisho ya Python, na programu ikiihifadhi tena inarudi kama 9999-12-31. Kuanzia hapo jedwali lina miisho miwili tofauti inayofanana machoni. psycopg toleo la 3 hutoa kosa, jambo ambalo ni bora zaidi. Node.js huileta kama namba `Infinity`, si tarehe.

Andika jaribio dogo: soma mstari wenye mwisho wazi, uhifadhi bila kuugusa, usome tena, ulinganishe. Kama haurudi ulivyokuwa, igeuze mlangoni kwa mwonekano:

```sql
CREATE VIEW usajili_wa_programu AS
SELECT chombo_id, mwalo, kuanzia,
       NULLIF(hadi, 'infinity') AS hadi
FROM usajili;
```

Na unapohifadhi, `COALESCE($1::date, 'infinity')`. Kwenye skrini mtu asione hata moja kati ya hizo. Aone "hadi sasa".

Hatua ya 7: Safisha 0000-00-00

Kuanzia toleo la 5.7, MySQL kwa mipangilio yake ya kawaida haipokei tarehe ya sifuri, ila zilizoingia zamani bado zimo. Kuna tabia ya kuichunga: safu ya tarehe ikiwa `NOT NULL`, swali la `WHERE kuzaliwa IS NULL` huzirudisha hizo za sifuri kana kwamba ni tupu. Ukibadilisha safu ikubali NULL, tabia hiyo inakoma, na ripoti iliyoitegemea inabadilika majibu. Tafuta maswali ya namna hiyo kwanza.

Kama mwalo wako ni wa dagaa, fanya kazi hii siku za mbalamwezi, taa zinapokuwa hazivuti dagaa na mitumbwi mingi imepumzika. Toa nakala ya akiba ya hifadhidata nzima, kisha:

```sql
SET SESSION sql_mode = '';
CREATE TABLE wavuvi_kabla AS SELECT * FROM wavuvi;
ALTER TABLE wavuvi MODIFY kuzaliwa DATE NULL;
UPDATE wavuvi SET kuzaliwa = NULL
WHERE kuzaliwa = '0000-00-00';
```

Mstari wa kwanza unalegeza masharti kwa kikao chako tu; bila huo, `ALTER` yenyewe inaweza kukataa kwa sababu ya data ileile unayotaka kuiondoa. Ukimaliza, funga kikao. Kama unahamia PostgreSQL, ambayo haipokei tarehe ya sifuri kabisa, zana ya pgloader ina kigeuzi kinachoitwa `zero-dates-to-null` kwa kazi hiyohiyo.

Jedwali la `wavuvi_kabla` lisifutwe siku hiyo. Chapisha orodha ya waliobaki bila tarehe, mpe karani aipitie na daftari lake mkononi, mtu kwa mtu, na yale atakayoyakumbuka yaingie kwenye safu za hatua ya 4. Baada ya hapo liondoe.